Kéré hakupewa tuzo kwa sababu ya udongo, angalieni paa jamani

Wiki iliyopita nilikuwa saiti nje kidogo ya Dodoma, mama mmoja mteja wangu akanionyesha picha kwenye simu, shule ya msingi ya Gando kule Burkina Faso, ile ya msanifu majengo Francis Kéré. Akaniambia, "Mwanangu, mi nataka kama hii ya udongo, nipate ubaridi. Ila hilo paa la kunyanyuka juu toa, piga la kawaida na jipsamu, mnapenda sana kuniongezea gharama." Nikamwambia mama yangu, ukitoa hilo paa umetoa jengo zima, umebaki na ukuta tu. Hakunielewa na simlaumu, maana tangu Kéré apewe tuzo ya Pritzker 2022, hii habari ya "tuzo ya nyumba za udongo" nimeisikia kwa wateja, kwa mafundi, hadi kwa wasanifu wenzangu ambao walitakiwa kujua. Nimechoka kuielezea mdomoni, naiandika.

Tuzo yenyewe haraka haraka. Pritzker ndo kubwa kuliko zote kwenye usanifu majengo, ya 2022 ilitangazwa mwezi Machi na Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kuipata. Kazaliwa Gando, akaenda Ujerumani kwa ufadhili wa useremala, baadaye akasoma usanifu Berlin, na hiyo shule aliimaliza 2001 akiwa bado mwanafunzi, ikapata tuzo ya Aga Khan 2004. Kuna wanaosema alipewa Pritzker kwa kuonewa huruma, basi wahesabu miaka ya kazi hapo katikati.

Sasa ukuta. Ni tofali za udongo za kufyatua, zimechanganywa na simenti kidogo. Ni ukuta mzuri, ila hata wewe ukifyatua zilezile ukajengea darasa, ukapiga bati moja kwa moja juu ya mkanda (ile boriti ya zege inayozunguka juu ya ukuta), saa saba mchana watoto wanaiva humo ndani. Nimeshaingia madarasa ya hivyo, unanyoosha mkono juu ya kichwa unasikia joto la bati linashuka kwenye kiganja kama umesogelea jiko, halafu unashika ukuta, ukuta wa baridi kabisa. Ukuta hauna kosa, joto linatoka juu.

Alichofanya Kéré ni hiki, na hapa naomba msome taratibu. Dari ni tofali zilezile za udongo, zimepangwa kavu kavu bila kuzibwa, kwa hiyo kuna upenyo. Juu ya dari ni wazi. Halafu ndo bati, limebebwa juu na kenchi nyembamba za nondo ambazo mafundi wa kijijini walizikata kwa msumeno wa mkono na kuzichomelea kwa mashine ndogo. Jua linapiga bati, bati linachemka, lakini joto lake likishuka linakutana na dari ya tofali badala ya vichwa vya watoto. Hewa ya pale katikati ikipata moto inapanda na kutoka pembeni, inavuta na hewa nzito ya darasani kupitia upenyo wa dari, na nyingine inaingia chini madirishani. Na hilo bati limetoka mbali kupita ukuta, upenu mkubwa, ndo maana mvua haili zile tofali. Yaani paa ndilo linaloruhusu ukuta wa udongo uwepo! Ukiweka upenu wa kubana na jipsamu umeua vyote viwili, hewa haitoki na ukuta unalowa.

Na sisi wa Dodoma ndo tusingetakiwa kufundishwa hili. Tembe ya Kigogo, nyumba ya jadi ya huku, ilikuwa na ubaridi kwa sababu paa lake nalo lilikuwa la udongo, bapa na zito. Tukatoa lile paa, tukaweka bati kwenye ukuta uleule, joto likaingia, tukaulaumu udongo. Inaniuma sana hii.

Angalieni na washindi wengine wa 2022. Uingereza, tuzo ya Stirling, ya jengo bora la mwaka, ilienda kwa maktaba mpya ya chuo cha Magdalene pale Cambridge, kazi ya Níall McLaughlin, jengo la tofali lenye mabomba marefu ya tofali kama ya moshi yanayotoa hewa ya moto juu. Sijasikia mtu akiita hiyo tuzo ya tofali. Kéré mwenyewe kule Turkana, Kenya, kampasi ya TEHAMA ya Startup Lions iliyokamilika 2021, ana minara ya hewa inayofanya kazi hiyohiyo, wazo kalitoa kwenye vichuguu vya mchwa. Na mwaka huohuo wa 2022 MASS Design Group, kampuni ya wasanifu waliojenga sana Rwanda, walipata tuzo ya kampuni bora ya chama cha wasanifu Marekani, na kampasi ya utafiti wa sokwe waliyoisanifu pale Kinigi, Rwanda, ikafunguliwa, imejengwa kwa mawe ya volkano ya hapohapo. Kote huko swali ni hewa inaingia wapi, inatokea wapi, na mzigo wa jua umebebwa na nini.

Sasa yale yanayonisumbua. Kwanza pwani. Ukuta mnene unakusaidia penye usiku wa baridi, unapoa usiku mchana unakutunzia. Tanga au Mombasa usiku wenyewe ni fukuto, ukuta mnene unaweza kukurudishia joto saa nne umelala, mimi huko ningejenga ukuta mwembamba wenye uwazi mwingi na kivuli. Pili simenti, kila ukiiongeza kwenye tofali hofu ya mvua inapungua ila unazidi kuondoka kwenye udongo wa bei rahisi, na sijui kwa dhati mstari ni wapi, kila udongo naupima upya. Tatu upepo, paa lililonyanyuliwa linashikwa na upepo kama tanga la jahazi, nondo za kulifunga zishuke hadi kwenye mkanda, fundi akikwambia misumari inatosha mwondoe saiti.

Halafu popo. Uwazi kati ya dari na bati wanaupenda mno, na dari yenye upenyo maana yake kinyesi kinaanguka darasani. Nimejaribu wavu wa mbu, ukajaa vumbi ndani ya msimu mmoja hewa ikakwama. Wavu wa kuku, wakapita. Mama amekubali paa, tunapaua mwezi ujao, upenu mita moja na nusu. Kama kuna fundi ameshazuia popo bila kuziba hewa aniandikie hapo chini, aseme tundu la wavu ni ukubwa gani na anausafishaje.