Seva haijazidiwa, mashine ya kupimia ndiyo imegota

Simu ya Jumatatu ilinikuta nimekumbatia kikombe cha chai kwa mikono miwili, maana Julai ya Mbeya haina utani.

"Fundi, shikamoo. Ile seva imezidiwa. Jana usiku tumeipima kwa programu inayojifanya wateja wengi, ikifika watu elfu moja inakufa. Bosi anasema tulipie kubwa zaidi."

"Marahaba. Elfu moja kamili, au elfu moja na ngapi?"

Akaenda kuangalia, akarudi. "Elfu moja na kumi na tisa. Tumerudia mara tatu, ni hiyohiyo."

Sikuhitaji hata kuingia kwenye seva. Mwaka huu peke yake wimbo huu nimeimbiwa na mwenye mabasi, na chama cha wakulima wa kahawa kule Mbozi, na shule inayotaka wazazi waone matokeo mtandaoni. Kila mmoja ana "elfu moja na kidogo" yake, na kila mmoja amekwisha kuuliza bei ya seva kubwa. Naandika mara moja hapa ili safari ijayo nimtumie mtu andiko badala ya kupoteza asubuhi.

Dhana: miunganisho ikikataa wakati wa kupima, seva imefika mwisho wa nguvu zake

Seva iliyochoka kweli huchoka kama lori la viazi linalopanda Kitonga. Mwendo unapungua, injini inaunguruma, foleni inarefuka nyuma yake, lakini bado linasogea. Utaona CPU inapanda na muda wa majibu unatoka milisekunde 80 kwenda 300, kisha sekunde 2. Ukirudia jaribio kesho, namba itakuwa tofauti kidogo.

Kikomo kilichoandikwa mahali hakina tabia hiyo. Mpaka muunganisho wa 1,019 majibu ni mazuri, wa 1,020 haupo. CPU ya seva imelala kwenye asilimia 15, RAM nusu iko tupu. Rudia usiku, rudia alfajiri, namba ni ileile. Mashine iliyochoka haiwezi kuwa na nidhamu ya namna hiyo.

Sasa 1,019 inatoka wapi? Linux huhesabu kila soketi (ncha ya muunganisho) kuwa faili iliyofunguliwa, na kila prosesi (programu inayoendeshwa) ina kikomo cha faili. Kwenye mashine nyingi kikomo laini, kile ambacho mtumiaji anaweza kukipandisha mwenyewe, ni 1,024. Toa tatu za kawaida ambazo kila programu huzaliwa nazo (ya kusomea, ya kuandikia na ya makosa), toa moja mbili ambazo programu imejifungulia yenyewe, umeshafika. Swali linalobaki ni prosesi ya nani. Mara nyingi mno ni ile ya programu ya kupimia, iliyo kwenye laputopu ya kijana wenu, kwa sababu yeye ndiye anayefungua miunganisho yote kutoka prosesi moja. Anapima mchele wa Kyela kwa sado, sado ikijaa anatangaza gunia limeisha.

Mwenye mabasi aliniuma kuliko wote kwa sababu yeye hakupiga simu kwanza. Mfumo wake wa tiketi ulikuwa unaandaliwa kwa ajili ya Desemba, watu wanaporudi nyumbani kwa wingi. Waliupima, ukagota. Akalipia seva ya RAM GB 32 badala ya GB 8, akapima tena, ukagota palepale, muunganisho uleule. Aliyemuuzia hakumwuliza swali hata moja. Miezi mitatu alilipia RAM iliyokuwa haijaguswa, na dawa ilikuwa kuandika `ulimit -n 65535`, yaani kupandisha kikomo cha faili, kwenye laputopu kabla ya kuwasha jaribio.

Mkiniona mkali kuhusu jambo hili, sababu ndiyo hiyo.

Kabla ya kumwambia bosi lolote, soma namba ya kosa kwenye skrini ya mashine ya kupimia. Namba 24 maana yake faili zimejaa kwenye prosesi iliyotoa kosa hilo. Ikiwa imeandikwa na programu ya kupimia, seva haikuguswa hata kidogo, ombi halikutoka nje ya laputopu. Namba 99 maana yake mashine ya kupimia imekosa poti (namba ya mlango wa mtandao) ya kutokea, na huyo pia ni wewe. Namba 111 ni kukataliwa. Mara nyingi hakuna anayesikiliza kwenye poti hiyo, au ukuta wa moto (firewall) umekujibu kwa ukali. Namba 110 ni kusubiri hadi kuchoka, na hapo ndipo tunaanza kuzungumza kuhusu seva, njia na foleni.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la kizamani kabisa. Chukua mashine ya pili, pima kwa pamoja. Kama kila moja inafika 1,019 na jumla ni 2,038, seva haijawahi kuwa tatizo. Kama mbili zinagawana 1,019 ileile, basi mwenye geti, yaani kikomo, yuko upande wa seva, nenda kaangalie huko. Dakika kumi tu. Sijaelewa hadi leo kwa nini watu wako tayari kulipa mamilioni kabla ya kuazima laputopu ya jirani.

Ukishaondoa geti la faili, jiandae kukutana na la pili, na hili huwachanganya hata mafundi. Mashine ya kupimia ikifungua muunganisho hutumia poti ya muda. Kwa kawaida Linux inatoa poti kuanzia 32768 hadi 60999, yaani 28,232. Muunganisho ukifungwa, upande uliofunga kwanza hubaki na soketi katika hali ya TIME_WAIT (kusubiri kabla poti haijaachiwa) kwa sekunde 60. Gawanya 28,232 kwa 60, unapata takriban 470. Kwa hiyo kama programu yako inafungua muunganisho mpya kwa kila ombi na yenyewe ndiyo inayofunga, huwezi kuvuka kama miunganisho mipya 470 kwa sekunde kwenda anwani moja na poti moja bila kugota. Dakika ya kwanza kila kitu kinang'ara, kisha ghafla namba 99 zinamiminika. Mtu akiona hivyo anasema "seva inavuja kumbukumbu". Haivuji chochote. Andika `ss -s` kwenye laputopu uone TIME_WAIT zilivyojaa kama mabasi yaliyoshusha abiria na hayataki kutoka stendi.

Dawa yake ni kuruhusu miunganisho idumu kati ya ombi na ombi, jambo ambalo vivinjari vya wateja wako hufanya kila siku. Ukitumia `ab`, programu ya kupimia ya Apache, weka `-k`. Ukiwa na sababu ya kweli ya kufungua mipya, panua masafa ya poti, au gawa kazi kwa mashine mbili tatu.

Dhana: seva moja haiwezi kupokea zaidi ya miunganisho 65,535

Hii hupenda kusemwa na waliosoma kidogo. Namba ya poti ina biti 16, kweli. Lakini seva haitumii poti mpya kwa kila mteja. Wote wanaingia poti 443 ileile. Muunganisho hutambulika kwa vitu vinne: anwani ya mteja, poti ya mteja, anwani ya seva, poti ya seva. Wateja tofauti, hesabu tofauti. Mwaka 2012 wahandisi wa WhatsApp walieleza kwamba seva yao moja ilibeba zaidi ya miunganisho milioni 2 kwa wakati mmoja. Wewe una mabasi.

Dhana: nimebadilisha limits.conf, basi imebadilika

Faili hilo la vikomo hufanya kazi kwa mtumiaji anayeingia (login) kwenye mashine. Nginx (programu inayopokea wateja wa tovuti) iliyowashwa na systemd (inayowasha huduma za Linux) haikupitia mlango huo. Kikomo chake kinawekwa kwa `LimitNOFILE` kwenye faili ya huduma, au kwa `worker_rlimit_nofile` ndani ya Nginx yenyewe. Na usiniambie umeweka. Nionyeshe `/proc/`, namba ya prosesi, `/limits`. Kerneli, kiini cha Linux, ndiyo inayosema kweli, faili ya mipangilio inaeleza matumaini yako tu.

Dhana: punguza tcp_fin_timeout, TIME_WAIT zitaisha

Hapana. Mpangilio huo unahusu FIN-WAIT-2, hali nyingine kabisa. Zile sekunde 60 za TIME_WAIT zimeandikwa ndani ya msimbo wa kerneli. Na ukikuta mtu amenakili `tcp_tw_recycle` kutoka mahali fulani, jua ananakili kitu kilichoondolewa kwenye Linux 4.12 mwaka 2017, tena kiliondolewa kwa kuwa kilikuwa kikiwatupa nje wateja waliokaa nyuma ya rauta moja. `tcp_tw_reuse` ipo na inasaidia, ila kwa miunganisho inayotoka. Yaani kwenye laputopu, au pale seva yako inapozungumza na seva nyingine nyuma yake.

Dhana: watu 1,000 ni miunganisho 1,000 inayofanya kazi

Mzazi akifungua ukurasa wa matokeo anausoma, anamwita mama yake mtoto, wanabishana kuhusu hesabu, ndipo anabonyeza tena. Tuseme sekunde 20. Watu 1,000 kila sekunde 20 ni maombi 50 kwa sekunde. Ikiwa kila ombi linachukua sekunde 0.2, wanaohudumiwa kwa wakati mmoja ni 10. Kumi! Waliobaki miunganisho yao iko wazi lakini imelala, na kwa Nginx muunganisho uliolala haugharimu karibu chochote. Kwa Apache, programu nyingine ya kupokea wateja, ikiwa ya aina ya prefork ni habari nyingine, maana kila aliyelala ameshika prosesi nzima, na kikomo cha prosesi hizo, mipangilio isipoguswa, ni 256. Hapo punguza `KeepAliveTimeout`, au hamia kwenye aina ya event.

Programu ya kupimia haina mama mtoto wa kubishana naye. Ukiiambia 1,000 inapiga 1,000 mfululizo bila kupumua, na umepima kitu ambacho wazazi wako hawatakifanya kamwe.

Dhana: geti likiwa la seva, ongeza namba kila mahali

Mtu anaweka `worker_connections` (miunganisho inayoruhusiwa kwa kila prosesi ya Nginx) 50,000, kisha anashangaa makosa ya aina ya 500 yakimwagika. Umepanua mlango wa mbele tu, jikoni bado kuna jiko moja. Nginx ikisimama mbele ya programu nyingine, kila mteja hula miunganisho miwili, mmoja wake na mmoja wa nyuma, kwa hiyo 1,024 kwa kila prosesi kwa kweli ni kama 512. Nyuma yake kuna PHP-FPM, inayoendesha programu za PHP, ambayo nimeikuta mara nyingi ikiwa na watoto (prosesi za kuhudumia) 5 kama ilivyotoka kiwandani. Nyuma zaidi kuna kanzidata: MySQL inakubali miunganisho 151, PostgreSQL 100, tena 3 kati ya hizo zimewekwa kwa msimamizi, kwa hiyo programu yako inagota 97. Ukiziona namba hizi kwenye grafu usianze kufikiri kuhusu RAM. Na kwenye kanzidata usikimbilie kupandisha. Weka dimbwi la miunganisho (michache inayotumiwa kwa zamu), maswali yapange foleni fupi. Maswali 40 yanayokwenda haraka ni bora kuliko 400 yanayokabana shingo.

Dhana: hakuna makosa, basi hakuna kikomo

Hii ni ya kijanja, na ndiyo pekee ambayo huwa namsamehe mtu. Foleni ya kupokelea miunganisho ikijaa, Linux kwa kawaida haikatai. Hunyamaza tu, hutupa ombi la kuunganishwa, na mteja wa Linux ya kabla ya 6.5 hujaribu tena baada ya sekunde 1, halafu ya 3, halafu ya 7. Kwa hiyo kwenye matokeo huoni makosa. Unaona wengi wamejibiwa kwa milisekunde 60, na kikundi kidogo kimejibiwa kwa sekunde 1 na milisekunde 60, kingine 3 na 60. Hakuna kitu katikati. Ukiona ngazi hizo, andika `nstat -az TcpExtListenOverflows` kwenye seva. Kama namba inapanda, foleni imejaa. Kerneli za kabla ya 5.4 zilikuwa na `somaxconn` (kikomo cha foleni hiyo) ya 128, za baadaye 4,096. Nginx yenyewe inaomba 511 tu kwenye Linux, na inayotumika ni ndogo kati ya hizo mbili, kwa hiyo kubadilisha moja hakutoshi.

Na mwisho, tafadhali, usipime kupitia rauta ya ofisi. Ina orodha yake ya miunganisho, na orodha hiyo pia ina kikomo. Ile shule ilipopima mchana, mhasibu alishindwa kutuma malipo, dada wa mapokezi akakatikiwa simu ya mtandao, na ripoti ikaandikwa kwamba "seva haipatikani". Seva ilikuwa Ulaya, imepoa kama ziwa Ngosi asubuhi. Kodi mashine ndogo kwa saa mbili katika data senta ileile ya seva, pima kutoka huko, kisha ifute.

Yule kijana wa Jumatatu nimemwambia anitumie vitu vitatu: `ulimit -n` ya laputopu, namba ya kosa, na jumla ya mashine mbili zikipima pamoja. Bosi wake ameshanipigia mara mbili kuuliza bei. Kijana bado hajatuma.