Matatizo ya Ulaji kwa Vijana: Yasemwayo na Ukweli Wake

Binti akikonda, majirani hunong'ona kuhusu UKIMWI. Akisikika anatapika chooni, mama yake huingiwa na hofu ya mimba. Akikwepa chakula cha usiku kwa kusingizia tumbo, hununuliwa dawa ya vidonda vya tumbo. Hofu hizo si za kipuuzi, na vipimo vyake vinastahili kufanywa. Lakini mara nyingi, majibu yakionyesha kwamba hana kitu, familia hushusha pumzi na shauri likafungwa, ilhali kijana angali anaumwa.

Matatizo ya ulaji ni maradhi ya akili yanayoumiza pia mwili. Katika anoreksia, mtu hujinyima chakula kwa hofu kubwa ya kunenepa, hata akiwa amebaki mifupa. Katika bulimia, hula chakula kingi kwa muda mfupi bila kuweza kujizuia, kisha hutafuta njia ya kukitoa mwilini, hasa kwa kujitapisha. Wapo pia wanaokula kupita kiasi kwa namna hiyo bila kukitoa, wakabaki na aibu nzito. Hali hiyo ilitambuliwa kama ugonjwa unaojitegemea katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 2013.

"Huu ni ugonjwa wa wazungu."

Ndiyo kauli ninayoisikia zaidi, na ndiyo inayochelewesha matibabu kuliko nyingine zote. Hoja yake inaeleweka: kwetu kumwambia mtu amenenepa kumekuwa sifa, na mwili mkubwa umekuwa dalili ya kutunzwa vizuri. Lakini hivyo ndivyo ilivyokuwa Fiji pia, visiwa vya Bahari ya Pasifiki ambako mwili ulioshiba ulipendwa na kukonda kuliwatia ndugu wasiwasi. Televisheni ilifika katika jimbo la Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa shule muda mfupi baada ya kufika kwake, wala hakupata aliyesema amewahi kujitapisha ili apunguze uzito; aliporudi mwaka 1998, asilimia 11.3 ya wasichana aliowahoji walisema wamefanya hivyo. Ilichukua miaka mitatu tu, na wakati ule hapakuwa na simu ya mkononi yenye picha zilizorekebishwa inayolala kitandani pamoja na msichana. Tanzania nayo haimo nje ya habari hii: utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwakuta wanawake wa Kitanzania wenye dalili za matatizo ya ulaji, na dalili hizo zilihusiana na kutazama vyombo vya habari vya nchi za Magharibi.

Hata hivyo, tusiitupie televisheni lawama zote. Anoreksia ilielezwa na madaktari wa London na Paris katika miaka ya 1870, kabla sinema hazijakuwapo. Mwaka 2019, uchunguzi wa vinasaba vya wagonjwa wapatao 17,000 ulibaini maeneo manane yanayohusiana na ugonjwa huo, na baadhi ya chembe hizo za urithi zinahusu namna mwili unavyotumia chakula. Picha huchochea moto, lakini kuni huwa zimeshakusanywa na urithi, hofu, msongo na maneno ya kudhihakiwa umbo.

"Anajitakia, akishikwa na njaa atakula."

Mwaka 1944 na 1945, mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwapunguzia chakula kwa takriban miezi sita wanaume 36 waliojitolea, wote wakiwa wazima wa mwili na akili. Walianza kuwaza chakula mchana kutwa, wakasoma vitabu vya mapishi, wakalamba sahani, wakawa wakali, wenye huzuni na wapweke. Walipopewa chakula tena, baadhi yao hawakuweza kuacha kula. Basi, yule binti anayepikia nyumba nzima kwa bidii na yeye mwenyewe asionje, hana kiburi wala hadeki: njaa imeshaikamata akili yake, na kila siku ya kujinyima humpunguzia uwezo wa kujinasua.

"Mbona hajakonda?"

Wengi wenye bulimia wana uzito wa kawaida. Binti Mfalme Diana wa Uingereza, aliyepigwa picha kila alikokanyaga, alisema katika mahojiano ya BBC mwaka 1995 kwamba aliugua bulimia kwa miaka. Kutapika mara kwa mara hupunguza madini ya potasiamu katika damu, na potasiamu ikishuka mno moyo hupoteza mpangilio wa mapigo yake na unaweza kusimama. Asidi ya tumbo hula tabaka gumu la meno, ndiyo maana wakati mwingine daktari wa meno huwa wa kwanza kugundua.

Kwa kijana hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu mwili wake bado unajengwa. Sehemu kubwa ya uimara wa mifupa hupatikana katika miaka ya balehe, na kilichokosekana wakati huo huenda kisirudi chote. Hedhi hukatika, kimo hudumaa, mapigo ya moyo hupungua kasi, masomo hayaingii kichwani. Sonona huandamana na hali hii mara nyingi. Anoreksia ni miongoni mwa maradhi ya akili yanayoua zaidi, kwa moyo kushindwa na kwa kujiua.

Wavulana nao huugua, ingawa wao hutafuta misuli zaidi kuliko wembamba, na kwa hiyo huonekana wanamichezo hodari.

Mfungo unahitaji neno la pekee. Ramadhani au Kwaresima humpa mgonjwa kificho chenye heshima, na wazazi huona haya kuuliza. Qurani yenyewe, katika Sura ya Al-Baqara, imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na ugonjwa huu umo ndani ya ruhusa hiyo.

"Mlisheni ashibe, atapona."

Mwili uliokaa na njaa kwa muda mrefu ukijazwa chakula kwa ghafla, fosfeti na madini mengine ya damu hushuka, na mtu anaweza kufa. Ilitokea kwa mateka waliookolewa baada ya Vita Vikuu vya Pili. Aliyedhoofika sana aanzishiwe chakula hospitalini, kidogo kidogo, huku damu yake ikipimwa.

Baada ya hapo, nyumbani ndiko penye kazi. Tiba iliyoanzia hospitali ya Maudsley, London, haiwatafutii wazazi kosa. Huwakabidhi usimamizi wa milo, wakae na mtoto wao mezani au mkekani kila mlo, bila matusi na bila kuzungumzia mwili wake, hadi aweze tena kujiamulia. Mzazi anayempeleka mwanawe kituo cha afya aombe apimwe potasiamu na umeme wa moyo, kisha aeleze kwa utulivu alichokiona: milo anayoikwepa, na mlango wa choo unaofungwa kila baada ya kula.