Kizunguzungu ukisimama, usikimbilie kusema ni malaria

Juzi kaja mzee mmoja wa Marangu hapa kliniki Moshi, sukari anayo mwaka wa 14 sasa, kila akitoka kitandani macho yanaingia giza anashika ukuta. Mke anasema ni pombe ya mbege, jirani anasema damu imepungua, mwenyewe keshameza dawa za malaria mara mbili bila kupima!

Nikamwamkia nikamlaza dakika 5, presha 148 kwa 86. Haya mzee simama, dakika ya kwanza 124, ya tatu 112 kwa 70. Ile ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, ndani ya dakika 3, hapo kuna kitu, ila kwanza uulize dawa anazotumia na kama anakunywa maji. Mimi kilichonishtua ni mapigo, yalikuwa 92 yakaenda 94 basi, wakati presha ikidondoka hivyo moyo ulitakiwa ukimbie kuokoa jahazi. Hauna taarifa. Neva zinazoendesha moyo, tumbo, kibofu na jasho bila wewe kuziamrisha, sukari ikikaa juu miaka mingi inazila taratibu (wanaume na kule chumbani pia, hilo hamtuambiagi mpaka tuulize).

Kesho yake tukampima ya kupumua. Hiki kipimo nakipenda, waya za ECG (mashine inayochora mapigo ya moyo) kifuani halafu unavuta hewa sekunde 5 unatoa sekunde 5, mara 6 kwa dakika. Moyo mzima ukivuta unaenda mbio ukitoa unapoa, tofauti ikifika mapigo 15 uko vizuri, 10 kushuka chini ni shida. Mzee kapata 4, karatasi imetoka mapigo yamejipanga kama miche ya kahawa iliyopandwa kwa kamba. Watu wanadhani moyo kupiga sawasawa ndo uzima, hapana aisee.

Kuna na kile cha kupuliza mpirani mpaka saa ya presha isome 40, unashikilia sekunde 15, Ewing na wenzake wa Edinburgh walivikusanya vipimo hivi miaka ya 1970, ila mwenye macho yanayovuja damu kwa ndani simpulizishi.

Kwanini nahangaika? Mtu wa hivi moyo unaweza kuziba mshipa na kifua kisiume kabisa, anasema tu nimechoka.

Sukari aina ya 2 omba upimwe neva hizi tangu unagundulika, aina ya 1 baada ya miaka 5. Na uje hujanywa kahawa wala kuvuta sigara, mzee wangu kipimo cha kupumua kilihamia kesho yake sababu ya vikombe viwili vya asubuhi.