Manjano kama nyongeza kwa mwenye baridi yabisi: "nyongeza" maana yake nini?

Ukinunua karanga pale Soko la Majengo, muuzaji akishajaza kopo na kulimimina kwenye mfuko wako, unamwambia, "Niongezee basi." Anachota kidogo kwa mkono, anatupia juu. Hiyo ndiyo nyongeza. Ina kanuni yake ambayo hakuna aliyeiandika ila kila mtu anaijua: kipimo kwanza, nyongeza baadaye. Sijawahi kuona mtu akifika kwenye meza ya karanga, akachukua ile ya mkononi tu na kwenda zake akijua amenunua kopo zima.

Naanza na karanga kwa sababu nafanya kazi nyuma ya kaunta ya famasi hapa Dodoma, na swali la manjano linanifikia mara kwa mara, hasa Juni na Julai upepo wa baridi unapoanza kupiga na wazee wakaanza kulalamikia viungo. "Mwanangu, nasikia manjano yanatibu baridi yabisi. Kweli hiyo?" Ukilisoma vizuri kopo la vidonge vya manjano utakuta limeandikwa kuwa ni kirutubisho, cha kuongezea chakula. Wauzaji wanakiita dawa lishe. Mnunuzi akifika nyumbani, neno "lishe" limeshadondoka njiani, limebaki "dawa".

Tuliweke sawa kwanza neno la ugonjwa. Mtaani baridi yabisi ni maumivu yoyote ya viungo. Goti la mama aliyebeba ndoo kichwani miaka arobaini ni baridi yabisi. Dole gumba la mguu linalovimba ghafla usiku na kuwaka moto ni baridi yabisi pia, ingawa hilo mara nyingi ni gauti. Ugonjwa ninaouzungumzia hapa ni ule ambao madaktari wanauita rumatoidi, na baridi ya Dodoma haiuleti, japo mtu anaweza kujisikia amekakamaa zaidi asubuhi ya upepo. Ni kinga ya mwili iliyokosea adui. Badala ya kupambana na vijidudu, inashambulia utando laini unaozunguka kiungo. Utando unavimba, unanenepa, kisha unaanza kula gegedu na mfupa wenyewe. Mara nyingi huanzia kwenye vidole na viganja, kushoto na kulia kwa pamoja, na wanawake huupata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume.

Shangazi yangu, mkulima wa zabibu kule Mpunguzi, alianza kuujua kwa makasi. Wakati wa kuvuna hakuweza kuyabana kukata kichala. Asubuhi akiamka vidole havikunji, hata mwiko wa uji alikuwa anausukuma kwa kiganja. "Mpaka saa nne ndiyo mikono inarudi kuwa yangu," aliniambia. Mikono kukakamaa asubuhi kwa saa nzima au zaidi, kisha kulegea kadiri siku inavyokwenda, ni dalili ya kuangalia sana. Goti lililosagika kwa umri kwa kawaida hulegea baada ya dakika chache tu. Siku ananiambia hayo, alikuwa ameshakunywa manjano kwenye maji ya moto kila alfajiri kwa miezi minane. Hospitali alikuwa hajakanyaga.

Kwa hiyo manjano hayana kitu? Yanacho. Rangi ile ya njano inatokana na kemikali inayoitwa kurkumini pamoja na ndugu zake wawili. Ndiyo hiyo hiyo inayochafua kanga, na ukilipaka doa lake sabuni ya mche linageuka jekundu mbele ya macho yako, kwa sababu kurkumini hubadilika rangi ikikutana na magadi au sabuni. Kwenye maabara, kurkumini imeonekana kupunguza kemikali zinazochochea uvimbe, zikiwemo TNF na interleukini 6. Hizo si kemikali ndogo kwa mgonjwa wa rumatoidi: zipo sindano za bei kubwa zilizotengenezwa mahsusi kuzizuia. Kwa hiyo wanasayansi wanaoyachunguza manjano hawafuati uvumi.

Tatizo ni safari ya kutoka kijikoni hadi kwenye kidole. Jaribu mwenyewe jikoni. Weka kijiko cha manjano kwenye glasi ya maji, koroga, subiri. Unga unashuka chini, unakaa kama tope la Bahi. Sasa weka kijiko kingine kwenye mafuta ya alizeti ya moto: mafuta yanakuwa ya njano papo hapo. Kurkumini karibu haiyeyuki kabisa kwenye maji. Na hata ile inayopenya utumbo, ini huibadilisha haraka na mwili kuitoa, hivyo inayofika kwenye damu ni kiasi kidogo mno. Shangazi na maji yake ya moto ya alfajiri alikuwa anakunywa tope lenye harufu nzuri.

Halafu kuna hesabu. Unga wa manjano una kurkumini wastani wa asilimia 3 hivi. Kijiko cha chai kina unga wa karibu gramu 3, yaani kurkumini kama miligramu 90. Utafiti unaotajwa sana kuhusu rumatoidi, uliofanyika India na kuchapishwa mwaka 2012, ulitumia vidonge vya kurkumini vya miligramu 500, tena vilivyoandaliwa ili vifyonzwe kirahisi. Kuifikia miligramu 500 moja kwa kijiko cha jikoni unahitaji vijiko vitano na zaidi. Na hapo tuseme umenunua manjano matupu, kwa maana ukiomba "binzari" sokoni unaweza kupewa manjano na unaweza kupewa mchanganyiko wa viungo vya mchuzi. Sema "manjano", au nunua mizizi yake mikavu, inayofanana na tangawizi, usage mwenyewe. Hiyo ya kusaga mwenyewe si ubishoo. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kuwa Bangladesh kulikuwa na wafanyabiashara wanaoipaka mizizi ya manjano rangi yenye madini ya risasi ili ing'ae, na risasi ni sumu ya ubongo.

Turudi kwenye utafiti wa India, maana ndiyo unaonukuliwa kwenye kila tangazo. Wagonjwa walikuwa 45, wakagawanywa makundi matatu: wa kurkumini, wa diklofenaki, na wa vyote viwili. Baada ya wiki 8 kundi la kurkumini lilionyesha nafuu nzuri ya maumivu na uvimbe. Inatia moyo, na mimi siidharau. Lakini ihesabu: watu 45 kwa makundi matatu ni kama kumi na tano kila kundi, hawajai daladala moja. Hakukuwa na kundi la waliopewa kidonge kitupu kisicho na dawa, cha kulinganishia. Na kurkumini ililinganishwa na diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, ambayo yenyewe haizuii mfupa kuliwa. Wiki 8 haziwezi kukuambia kama kiungo kitakuwa kimepinda baada ya miaka mitano.

Ndipo neno nyongeza linapopata uzito. Kuna dawa za kutuliza, na kuna dawa za kubadilisha mwenendo wa ugonjwa. Za kundi la pili, kama methotreksati, salfasalazini na haidroksiklorokwini, ndizo zinazoizuia kinga isiendelee kubomoa. Hazifanyi kazi haraka. Methotreksati inaweza kuchukua wiki sita hadi kumi na mbili mgonjwa kuona tofauti, na hapo katikati ndipo wengi wanapokata tamaa na kukimbilia kwenye kopo la manjano. Kumbe mifupa huanza kuharibika mapema, mara nyingi ndani ya miaka miwili ya kwanza, na kilichopinda hakinyooshwi na kidonge. Hizo dawa ndizo kopo la karanga. Manjano, hata tukiyapa heshima yake yote, ni kile cha mkononi kinachotupiwa juu.

Kuna sentensi naisikia sana: "Lakini ni ya asili, haina madhara." Mnyaa nao ni wa asili, na kila mchungaji wa Kigogo anajua utomvu wake unafanya nini ukiingia jichoni. Manjano ya kwenye mchuzi, wali na maharage watu wameyala karne nyingi bila shida, na sina neno nayo. Kiwango cha kurkumini kinachokubalika kwenye chakula, kwa mujibu wa wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, ni hadi miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 ni miligramu 180, kama vijiko viwili vya chai vya unga. Vidonge ni habari nyingine. Marekani na Italia wamepatikana watu walioumwa ini baada ya kutumia vidonge vya manjano, baadhi vikiwa vimeongezwa pilipili manga. Kuongeza pilipili manga kuna mantiki: utafiti wa mwaka 1998 ulionyesha kuwa piperini, kitu kinachoipa ukali wake, inaweza kupandisha kurkumini kwenye damu mara zipatazo 20. Ila mlango ukishafunguliwa hauchagui wa kuingia. Piperini hupandisha pia dawa nyingine, kama fenitoini ya kifafa. Na kwa anayetumia methotreksati, ambayo yenyewe inalazimu ini kupimwa mara kwa mara, kulibebesha ini mzigo wa pili bila daktari kujua ni kujitafutia.

Wenye mawe kwenye nyongo, wanaotumia wafarini ya kuzuia damu kuganda, wenye upungufu wa madini ya chuma, na wajawazito: msianze vidonge bila kuuliza.

Na unga au kidonge cha "asili" kikikuondolea maumivu yote ndani ya siku moja, kitilie shaka badala ya kukisifia. Manjano hayana mbio hizo. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu bidhaa za maumivu ya viungo zilizouzwa kama virutubisho vya asili ilhali ndani mlikuwa na diklofenaki na deksamethasoni, dawa kali ya kushusha uvimbe, ambazo hazikuandikwa kwenye kopo.

Shangazi nilimpeleka hospitali mwenyewe. Akapimwa damu, akapigwa picha za mikono, akaanza methotreksati. Inamezwa mara moja kwa wiki, si kila siku, na kosa hilo moja limeua watu, kwa hiyo tumeichagulia Jumapili jioni akitoka kanisani, na siku ya foliki asidi, vitamini anayopewa pamoja nayo, tumeiandika kwa kalamu kwenye kalenda ya ukutani. Kopo lake la manjano tulilibeba kwenye kikapu tukalitoa mbele ya daktari. Alilisoma pande zote, akauliza anatumia kiasi gani, akamwambia, "Mama, haya endelea nayo kwenye mboga. Ila siku ukibadilisha ukaanza vidonge, niambie kabla hujameza." Shangazi akauliza kama ayatie kwenye mlenda. Daktari akacheka, akasema mafuta yasisahaulike.