Mofojeni haibebi umbo

Nimekwisha kusikia mara nyingi mno mofojeni ikifasiriwa kuwa "homoni ya umbo", na anayefasiriwa hivyo huondoka akiamini kwamba kiinitete, yaani kiumbe kinachoanza tu kukua, kina kemikali ya kichwa, nyingine ya mkono na nyingine ya mkia. Mofojeni ni dutu inayoenea kutoka kwenye chanzo chake ikipungua kadiri inavyokwenda mbali, na ambayo seli huiitikia kwa namna tofauti kulingana na kiasi kinachozifikia. Matata yako kwenye jina.

Jina hilo limeungwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, la umbo na la kuzaa, na aliyelitunga ni Alan Turing, mwanahisabati wa Uingereza, katika makala yake ya mwaka 1952. Lakini mofojeni za Turing hazikuhitaji chanzo maalumu: zilikuwa dutu zinazoathiriana huku zikienea kwa kasi tofauti, hata tishu iliyokuwa sawasawa kote ikazuka madoa au milia. Maana iliyozoeleka leo inatokana zaidi na mwanabiolojia Lewis Wolpert, ambaye mwaka 1969 alitoa mfano wa bendera ya Ufaransa: seli zilizo karibu na chanzo, ambako dutu imekolea, huwa buluu, za katikati nyeupe, na za mbali nyekundu, ilhali dutu ni ileile moja. Kwa Turing, ruwaza huzaliwa na mwenendo wa dutu zenyewe. Kwa Wolpert, dutu huijulisha seli mahali ilipo, na seli huitikia kwa jeni zake. Tafsiri ya "kizaa umbo" inaweza kumfaa Turing kwa shida, lakini Wolpert haimfai hata kidogo.

Mfano uliothibitishwa mapema ni protini ya Bicoid katika yai la nzi wa matunda. Mama huweka RNA ya Bicoid, yaani nakala ya maelekezo ya kuitengeneza protini hiyo, kwenye ncha ya mbele ya yai. Protini inayotokana nayo huenea kuelekea nyuma, na inakuwa rahisi kwa sababu wakati huo viini vingi vya seli bado vinaishi pamoja bila utando wa kuvitenganisha. Mwaka 1988 Wolfgang Driever na Christiane Nüsslein-Volhard walionyesha kwamba mama akiongezewa nakala za jeni hiyo, mpaka wa kichwa cha kiinitete husogea nyuma. Ukolezo uliokuwa mbele sasa unapatikana nyuma zaidi, na viini vya hapo hujibu kana kwamba viko mbele.

Ndiyo maana dutu inayowasha jibu moja tu, hata iwe muhimu vipi, haitoshi kuitwa mofojeni kwa maana hii. Na anayesema kwamba Bicoid "hutengeneza kichwa" hajapotoka sana. Pengine angesema tu kwamba kiasi cha Bicoid huvijulisha viini vya yai umbali wao kutoka ncha ya mbele.