Kostiki soda isiwekwe kwenye chupa ya maji ya kunywa

Tangu mafunzo ya kutengeneza sabuni yaenee kwenye vikundi vya akina mama na vijana, kostiki soda, kemikali kali inayounguza ambayo hutumika kutengenezea sabuni, imehamia majumbani. Tunawapongeza wajasiriamali hawa. Ila kemikali ibaki kwenye chombo chake chenye lebo, juu, kwenye kabati linalofungwa. Ukishaiyeyusha na kuimimina kwenye chupa ya maji ya nusu lita, mtoto wa miaka miwili atajuaje kwamba si maji? Haina rangi wala harufu ya kumfukuza.

Kostiki huyeyusha mafuta na protini za mwili, ndiyo maana hupenya hadi ndani ya ukuta wa umio, yaani njia ya chakula. Midomo inaweza kuonekana mizima ilhali umio umeungua. Mtoto aliyeimeza hutulia, mzazi akashukuru Mungu, kisha baada ya wiki tatu hivi kovu linaanza kuubana umio. Anashindwa kumeza ugali, baadaye hata uji. Hapo atahitaji kupanuliwa umio tena na tena, pengine kwa miaka.

Mtoto akimeza kostiki, usimtapishe. Kemikali ikipanda huunguza tena palepale ilipopita. Limau na siki visitumike kabisa. Maziwa mnayoyaamini sana hayaponyi jeraha, na humzuia daktari kuona vizuri anapopitisha kamera kwenye umio. Msuuze mdomo kwa maji, mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi au jicho kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20, kisha nendeni hospitali na chombo chenyewe, hata kama ameacha kulia.

Kwa wauzaji hapa Tanzania: Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani, Sura ya 182, inamtaka anayeingiza, kusafirisha, kuhifadhi au kuuza kemikali hizi asajiliwe na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kufanya biashara hiyo bila usajili ni kosa, na adhabu yaweza kuwa faini, kifungo au vyote viwili. Utetezi wa “nauza kidogo tu, ya matumizi ya nyumbani” hauna nguvu; sheria yenyewe imetaja majumbani kwenye jina lake. Leseni ya biashara ya kawaida haichukui nafasi ya usajili huo.

Mnunuzi akipimiwa kostiki kwenye kifuko kisicho na jina la kemikali wala alama ya hatari, asiipokee, na atoe taarifa kwenye ofisi ya kanda ya Mamlaka iliyo karibu naye.