Kimiminika baridi kilichofungiwa kati ya koki mbili

Nilikuwa nimekwenda kukagua kompresa kwenye kiwanda kidogo cha maziwa, bwana mifugo wa pale akaniita pembeni. "Mhandisi, kabla hujaondoka hebu niangalizie na huu wangu." Ulikuwa mtungi wa naitrojeni wa lita 20, ule wa kuhifadhia mbegu za madume ya ng'ombe kwa ajili ya uhimilishaji. Kizibo cha shingoni kilikuwa kimekazwa kwa raba ya tairi, ile ya kufungia mizigo ya baiskeli, imezungushwa mara nne.

"Mzee wangu, hii raba ya nini tena?"

"Naitrojeni inaisha haraka siku hizi. Nikaona nibane isitoke."

Nikamwomba asogee, nikasimama kando ya shingo ya mtungi, nikaikata raba kwa kisu. Kizibo kiliruka kikagonga boriti. Hata hivyo nilikosea: raba ilitakiwa ilegezwe taratibu, pumzi itoke kidogo kidogo. Nilikuwa na haraka.

Kizibo cha mtungi wa aina hiyo hukaa kikiwa kimelegea kwa makusudi. Naitrojeni kimiminika huchemka kwenye nyuzi −196, na kwa kuwa joto la nje halizuiliki moja kwa moja, inachemka usiku na mchana, hata ukiwa umelala. Lita moja ikigeuka gesi kwenye joto la kawaida la chumbani inakuwa karibu lita 700. Gesi hiyo lazima ipate pa kutokea. Usipoipa njia, itatoboa yenyewe, na haitakuuliza wapi.

Kwa mtungi wa mbegu jambo hilo linaonekana kwa macho. Kwenye mabomba halionekani, na ndiko mafundi wazuri kabisa wanakoumia. Chukua bomba la naitrojeni lenye koki mbili. Fundi amemaliza kazi, anafunga ya mbele, anafunga ya nyuma, anakwenda kula. Katikati kimebaki kimiminika. Bomba linapata joto taratibu. Wengi niliowauliza hupiga hesabu ya haraka: mara 700, basi bar 700 (bar moja ni karibu sawa na presha ya hewa tunayovuta). Hesabu hiyo iko chini mno. Gesi iliyobanwa kiasi hicho haifuati tena kanuni tuliyofundishwa shule, kwa sababu molekuli zenyewe zinaanza kugombania nafasi. Bomba likiwa limejaa kimiminika na likafikia joto la chumbani, presha inakaribia bar 3,000. Bomba lako limetengenezwa kuhimili 40. Halitaifikia hiyo 3,000, litakuwa limeshapasuka zamani.

Kwa hiyo nikipewa mchoro wa mfumo wa baridi kali, kabla ya kutazama pampu wala tangi, nachukua kalamu nyekundu na kutafuta kila kipande cha bomba kinachoweza kufungwa pande zote mbili. Kila kipande kiwe na valvu yake ya usalama, ile inayojifungua yenyewe presha ikizidi. Valvu isiyorudisha nyuma nayo naihesabu kama koki, maana kimiminika kikiwa mbele yake hakina pa kurudi. Hapa ndipo wengi wanapokosa.

Halafu kuna mtego ulio ndani ya koki yenyewe. Koki ya goroli, ile yenye tufe lililotobolewa tundu ndani yake, ikifungwa, tundu la goroli linabaki limejaa, na kuna nafasi nyingine kati ya goroli na mwili wa koki. Ni kiasi cha kikombe cha kahawa, lakini kinatosha kupasua koki. Ndiyo maana koki za kazi hii goroli lake hutobolewa kijitundu upande mmoja, na mwilini kuna mshale unaoonyesha upande wa kuelekeza. Nimeshakuta koki nzuri, ya bei mbaya, imefungwa kinyume na mshale, kijitundu kikawa kinavujisha kwenda kule kunakotakiwa kukauka. Fundi akalaumu koki.

Valvu ya usalama usiibandike juu ya bomba moja kwa moja. Ipandishe kwenye kijibomba kilichosimama, ili gesi ikae katikati na valvu yenyewe ibaki na joto la kawaida. Ukiikuta imeota barafu, hiyo huenda isifunguke siku utakapoihitaji. Na ikianza kupiga mluzi kila mara, tafuta sababu, usiizibe. Mwaka 2006, kwenye maabara ya kemia ya chuo kikuu cha Texas A&M, mtungi wa zamani wa naitrojeni uliokuwa umeondolewa vifaa vyake vya kupunguza presha na kuwekewa plagi za brasi ulilipuka usiku wa manane. Uliruka ukapenya dari. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa hapakuwa na mtu.

Mengine kwa ufupi. Chuma cha kawaida kwenye baridi hii huvunjika kama kigae, tumia chuma cha pua, shaba au alumini. Bomba la chuma cha pua hufupika karibu milimita 3 kwa kila mita likipoa, kwa hiyo la mita 20 linavuta sentimita 6: liachie pa kujikunja. Oksijeni ya presha kubwa fungua polepole sana, na mkono usiwe na hata tone la grisi. Ukifungua kwa ghafla, oksijeni ya bar 150 inajibana kwenye regyuleta, kile kifaa cha kushusha presha, na joto linaweza kupita nyuzi 900 kwa kufumba na kufumbua.

Na naitrojeni usiisafirishe kwenye gari dogo lililofungwa vioo. Lita 4 zikimwagika zinatoa karibu lita 2,800 za gesi, yaani karibu ujazo wote wa ndani ya gari. Hainuki, haiwashi macho, dereva anasinzia tu.

Turudi kwa mzee wetu. Swali lake halikuwa la kijinga: kwa nini inaisha haraka? Nilipapasa mabega ya mtungi kwa kiganja, yalikuwa baridi na yenye unyevu, na chini ya shingo palikuwa na ukungu wa barafu. Mtungi huu ni vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, na katikati hewa imenyonywa yote. Mtungi ukitokwa jasho kwa nje, ujue hewa imeshaingia. Tuliupima kwenye mizani ya maziwa, tukaupima tena kesho yake saa ileile: umepungua kilo mbili na robo, karibu lita tatu. Mzima haupotezi hata nusu lita kwa siku. Mbegu tulizihamishia kwenye mtungi wa mwenzake jioni ileile. Wake siku hizi uko nyuma ya mlango wa ofisi, amechomeka mwavuli. Shingo ni nyembamba, unaingia mmoja tu.